Vyuo vieleze masharti ya kozi za mtandaoni kabla ya kupokea ada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vinavyotoa kozi kwa njia ya mtandao, na zaidi niseme na walimu, wauguzi, maofisa ugani na watumishi wengine wanaofikiria kujiunga na kozi hizo katika msimu huu wa udahili. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi watu wazima wanaosoma wakiwa mbali na chuo. Mara kwa mara nakutana na mtu mwenye bidii, aliyelipa ada kwa jasho lake, ambaye somo lenyewe analimudu vizuri, lakini anaanguka kwa sababu hakuna aliyemweleza maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye tangazo na kwenye ukurasa wa kozi. Maneno hayo ni kama krediti, moduli, mubashara, rasimu, matokeo ya ujifunzaji, tathmini endelevu na cheti cha ushiriki. Kila moja kati yake linabeba sharti la muda, la fedha, la alama au la cheti, na chuo kinachopokea ada kabla ya kuyaweka wazi masharti hayo kwa lugha anayoielewa mlipaji hakimtendei haki.

Nianze na kauli inayopendwa mno na watangazaji, ile ya "soma kwa wakati wako". Katika elimu ya mtandaoni kuna mafunzo ya mubashara, ambamo mwalimu na wanafunzi huwa mtandaoni saa ileile, na kuna mafunzo yasiyo ya mubashara, ambamo maandishi, video na mazoezi huwekwa kwenye mfumo na kila mmoja akayapitia anapopata nafasi. Kozi nyingi huchanganya njia hizi mbili, na pengine huongeza wiki chache za kukutana ana kwa ana chuoni, na hapo ndipo tunaposema mafunzo mseto. Muuguzi anayesoma "kwa wakati wako" kwenye tangazo huelewa kwamba zamu zake za usiku hazitamzuia kusoma. Akishalipa, anagundua kwamba kila Jumatano jioni kuna kipindi cha mubashara kinachohesabiwa kwenye mahudhurio, kwamba kipindi hicho kinahitaji bando ambalo hakulipangia bajeti, na kwamba mwezi wa nne atatakiwa kusafiri na kulala karibu na chuo kwa ajili ya mafunzo ya vitendo. Hayo yote ni mambo halali ya kielimu, tena mafunzo ya vitendo kwa muuguzi ni ya lazima. Kosa ni kwamba aliambiwa baada ya kulipa.

Mseto wenyewe hatukuuanza jana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza vipindi vya redio kwa saa iliyopangwa, wakasoma vijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Redio ilikuwa na saa yake maalumu, kijitabu kilisomwa wakati wowote, na kiongozi alikuwepo ana kwa ana. Wanaosanifu kozi za mtandaoni leo wangefanya vyema kukumbuka kwamba katika mpango ule kila mshiriki alijua redio itafunguliwa saa ngapi na kazi ya kikundi ni ipi. Taifa lililoweza kulieleza hilo kwa mamilioni ya wanakijiji, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejifunza kusoma, haliwezi kushindwa kumweleza mtumishi mwenye simu mkononi kwamba Jumatano jioni atahitajika.

Jambo la pili ni krediti, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na saa hizo hujumlisha vipindi, kusoma peke yako, mazoezi, majaribio na mtihani. Kozi ya krediti 12 kwa hiyo inadai saa 120. Ukizigawa kwa semista ya wiki 15, unapata saa 8 kila wiki. Mwanafunzi anayejisajili kozi nne za namna hiyo kwa mkupuo anajitwisha saa 32 kwa wiki, ilhali sheria yetu ya kazi inamruhusu mwajiri kumfanyisha kazi za kawaida hadi saa 45 kwa wiki. Jumla ni saa 77, kabla hajapika, hajalea, hajaenda msibani. Nimewaona watu wakijisajili kozi nne, na wengine tano, kwa kuwa tangazo lilisema "semista nne tu unamaliza", na hakuna aliyewaonyesha hesabu hii ambayo mtu anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Anayejiunga na chuo cha Ulaya naye ajue kwamba krediti ya huko ni kitu kingine kabisa, kwani krediti moja ya mfumo wa Ulaya huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30, hivyo kozi ya krediti 5 inayoonekana ndogo machoni inaweza kudai saa 125 hadi 150.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni tarehe za mwisho na namna ya kuwasilisha kazi. Vyuo vyetu vingi hutumia Moodle, mfumo wa usimamizi wa mafunzo ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa kwa umma mwaka 2002, ambao chuo chochote kinaweza kuuchukua na kuutumia bila kulipia leseni. Ni mfumo mzuri na ninautetea. Lakini ndani yake mwalimu anaweza kuweka tarehe mbili tofauti kwa kazi moja. Ya kwanza ni tarehe ambayo kazi inatakiwa iwe imewasilishwa, na ikipita, kazi bado hupokelewa ila huandikwa kwamba imechelewa. Ya pili ni tarehe ya kufunga mlango, na ikipita hakuna kinachopokelewa. Walimu wengine huweka ya kwanza peke yake, wengine huweka zote mbili kwa siku moja, wengine huacha wiki nzima katikati. Mwanafunzi aliyezoea mwalimu wa aina ya kwanza akienda kwa wa aina ya pili anakuta mlango umefungwa.

Kuna pia kitufe cha kuwasilisha. Katika mipangilio ya kazi, mwalimu anaweza kuamua kwamba faili likishapakiwa linahesabika limewasilishwa papo hapo, au kwamba faili libaki kuwa rasimu mpaka mwanafunzi abonyeze kitufe kingine cha kuthibitisha. Muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya, ambaye nilimsaidia kufuatilia jambo lake, alipakia kazi yake kwa simu akiwa zamu ya usiku, siku mbili kabla ya mwisho. Aliona jina la faili limetokea kwenye ukurasa, akaridhika, akarudi wodini. Juu ya jina lile palikuwa na mstari mdogo unaosema kwamba kazi ni rasimu na haijawasilishwa, na kitufe kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo kwenye kioo cha simu huwezi kuona mpaka uteleze kidole mara kadhaa. Katika kozi nyingine za chuo hichohicho hakuwahi kuhitaji kitufe hicho, kwa sababu walimu wale walikuwa wameweka mpangilio ule mwingine. Alipewa sifuri. Kazi yenyewe ilikuwa humo ndani ya mfumo, na mwalimu aliweza kuifungua na kuisoma. Ilikubaliwa baadaye, baada ya kuandikiana barua, semista ikiwa imekwisha na matokeo yametoka, na yeye akiwa ameshaanza kuwaambia wenzake wodini kwamba kusoma mtandaoni ni kupoteza fedha.

Kuhusu saa, tuna tatizo ambalo mifumo iliyotengenezwa ughaibuni haiwezi kulijua, nasi tunaoitumia tunapaswa kulishughulikia. Mfumo ukiandika kwamba mwisho ni "Ijumaa, 12:00 AM", maana yake ni dakika ileile Alhamisi inapoisha, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa. Wanafunzi wengi husoma neno Ijumaa wakapanga kumalizia kazi Ijumaa jioni baada ya kazi, na wanakuwa wamechelewa karibu siku nzima. Wengine huiona ile 12:00 wakaisoma kama saa kumi na mbili. Mwalimu akijaribu kusaidia kwa kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwisho ni "usiku wa Ijumaa", anazidisha utata, kwa kuwa kwa watu wa Pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, na kwa wengi wa bara ni ule unaofuata Ijumaa yenyewe. Dawa yake ni nyepesi. Mwalimu aweke mwisho kuwa dakika moja kabla ya siku kuisha, kisha aandike kwa maneno kamili: "Mwisho ni Alhamisi saa 5:59 usiku, kwa saa za Afrika Mashariki." Kozi zinazoendeshwa kutoka nje nazo zikitaja saa 23:59 ya saa za dunia (UTC), mwanafunzi wetu ajue kwamba kwake ni saa 8:59 usiku wa manane, siku nyingine ikiwa imeshaanza.

Niguse kwa kifupi matokeo ya ujifunzaji, yaani ile orodha inayowekwa mwanzoni mwa kila moduli, yaani kila sehemu ya kozi, ikianza na maneno "baada ya kumaliza moduli hii, mwanafunzi ataweza". Wanafunzi wengi huiruka wakidhani ni urembo wa mtaala. Tangu Benjamin Bloom na wenzake wa Marekani walipotoa mpangilio wao wa malengo ya elimu mwaka 1956, wasanifu wa kozi wamekuwa wakichagua vitenzi vya orodha hiyo kwa makini, kwa sababu kitenzi ndicho kinachoamua mtihani utakavyokuwa. Imeandikwa "ataelewa matumizi ya dawa kwa watoto"? Hakuna anayejua ataulizwa nini. Imeandikwa "ataweza kukokotoa kiwango cha dawa kwa mtoto kulingana na uzito wake"? Basi mwanafunzi ajiandae na kalamu na kikokotoo, na mwalimu akileta swali la kutaja historia ya dawa hiyo, mwanafunzi ana haki ya kuhoji. Orodha hii ikisomwa vizuri humlinda mwanafunzi kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye kozi.

Kwenye tathmini kuna mkanganyiko ambao umetokana na mazoea yetu wenyewe. Mwaka 1967 mtaalamu Michael Scriven alitofautisha tathmini inayofanywa ili kurekebisha kazi ikiwa bado inaendelea na ile inayofanywa mwishoni ili kutoa hukumu. Sisi tuna tathmini endelevu, ambayo katika vyuo vyetu vingi huchangia alama 40 kati ya 100, hivyo ni endelevu na ni hukumu kwa pamoja. Mtandaoni, majaribio ya kujipima yasiyo na alama hukaa kwenye ukurasa mmoja na majaribio yenye alama, yakiwa na sura moja na rangi moja. Mwanafunzi hulifanya moja kwa kubahatisha akidhani ni la kujipima, kumbe limekula alama 10, na mfumo umemruhusu kulifanya mara moja tu. Kila jaribio liandikwe kwenye kichwa chake kama lina alama au halina, na mwanafunzi anaruhusiwa kulirudia mara ngapi.

Nije kwenye neno huria, ambalo limebeba mizigo mingi kuliko linavyoweza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, ni huria kwa maana iliyorithiwa kutoka Chuo Kikuu Huria cha Uingereza cha mwaka 1969, yaani kumfungulia mlango mtu ambaye kazi, umri au umbali ungemzuia kuingia chuo cha kawaida, na ada hulipwa kama kawaida. Rasilimali huria za elimu, jina ambalo lilipitishwa katika mkutano wa UNESCO mwaka 2002, ni vitabu, video na mazoezi ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuyatumia, kuyanakili na mara nyingi hata kuyarekebisha. Kisha zipo kozi huria za halaiki. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambamo wanafunzi 25 walilipa ada na wengine zaidi ya 2,000 walifuata bure mtandaoni. Mwaka 2011 kozi ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000, na mwaka uliofuata zikaanzishwa Coursera na edX. Huria hapo ilimaanisha kwamba yeyote anaingia. Siku hizi, katika nyingi za kozi hizo, kutazama mafunzo ni bure lakini cheti hulipiwa, na wakati mwingine kazi zenye kusahihishwa pia hulipiwa. Kijana wa Kitanzania anayeambiwa "kozi huria, cheti kutoka chuo kikuu maarufu" anahitaji kujua anaingia katika huria ipi kati ya hizi.

Cheti nacho kina daraja zake. Kuna cheti cha ushiriki, kinachosema ulikuwepo. Kuna cheti cha kumaliza kozi, kinachosema ulifanya kazi zote na ukafaulu kwa kiwango walichokiweka wao wenyewe. Halafu kuna astashahada, stashahada na shahada, ambazo ni tuzo za taifa zenye ngazi zinazojulikana, chini ya usimamizi wa NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa vyuo vya kati na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa vyuo vikuu. Aina mbili za kwanza zina thamani yake, nami huwahimiza vijana wazifanye, maana mwajiri anayeona kwamba umejifunza kuchambua takwimu kwa juhudi zako mwenyewe atakuheshimu. Lakini hazipandishi daraja la mtumishi wa umma, na hazikuingizi shahada ya pili. Nimeshapokea mtu aliyebeba vyeti vya kumaliza kozi vilivyopangwa vizuri kwenye faili la plastiki, amekuja kuulizia usawa wake na stashahada, na jibu nililokuwa nalo lingempasa kulipata kabla hajatoa senti ya kwanza. Shahada iliyopatikana nje ya nchi, iwe kwa mtandao au kwa kwenda, hupelekwa TCU ili itambuliwe, na hilo ni vyema kuliulizia TCU yenyewe kabla ya kujisajili.

Baadhi ya wenzangu husema mtu mzima ajitafutie mwenyewe maana ya maneno hayo, kwani kujifunza mtandaoni kunadai kujitegemea. Sikubaliani nao. Wasanifu wa kozi duniani kote hufundishwa hatua tano ambazo chimbuko lake ni kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1975, nazo ni uchambuzi, usanifu, uandaaji, utekelezaji na tathmini. Hatua ya kwanza, uchambuzi, ni kujua mwanafunzi ni nani, anajua nini tayari, anatumia kifaa gani na ana muda kiasi gani. Chuo kinachoandaa ukurasa wa kozi ambao mwanafunzi wake hawezi kuusoma kimeiruka hatua hiyo. Tulipofunga vyuo Machi 2020 kwa sababu ya korona, wahadhiri wengi duniani walilazimika kupakia slaidi zao haraka haraka na kufungua Zoom, na wataalamu wakaonya mapema kabisa kwamba ufundishaji huo wa dharura usilinganishwe na kozi iliyosanifiwa kwa ajili ya mtandao. Dharura ile imekwisha, vyuo vyetu vilifunguliwa Juni mwaka uleule, lakini zipo kozi zinazotangazwa leo ambazo bado ni slaidi zilezile zilizopakiwa, bila mtu aliyetajwa kuwa mwezeshaji, yaani yule anayejibu maswali kila siku, na bila namba ya msimamizi wa mfumo kwa ajili ya aliyesahau nywila. Mwanafunzi anayempigia mhadhiri kuhusu nywila na kumwandikia msimamizi wa mfumo kuhusu swali la somo anapoteza wiki nzima kati ya watu wawili ambao kila mmoja ana haki ya kusema "hilo si langu".

Ombi langu kwa TCU na NACTVET ni kwamba kozi yoyote ya mtandaoni isiruhusiwe kudai ada mpaka mwombaji awe amepewa karatasi moja, kwa Kiswahili, inayotaja saa za kujifunza kwa wiki, siku na saa za vipindi vya mubashara, siku za kufika chuoni, makadirio ya bando, mgawanyo wa alama, namna kazi inavyowasilishwa na kufungwa, aina ya tuzo na chombo kinachoitambua, pamoja na jina la cheo na namba ya simu ya mwezeshaji na ya msimamizi wa mfumo. Karatasi hiyo mkuu wa idara anaweza kuiandaa kwa siku moja, kwa kuwa mambo yote yaliyomo lazima awe anayajua tayari. Na kwa wanaotaka kujiunga msimu huu, kabla agizo kama hilo halijatoka, nawasihi waombe maelezo hayo kwa maandishi kutoka ofisi ya udahili, na wasiombe namba ya malipo mpaka wapate majibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa elimu masafa,
Morogoro.